Waliniuzia namba moja ya Google

Simu ilipigwa saa nne asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 2021, nikiwa ofisini kwetu Kiboriloni, Moshi, nahesabu mahema. Watalii walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja baada ya mwaka mzima wa ukame, na mahema yalikuwa yamelala stoo mpaka mawili yameota ukungu. Kijana wa upande wa pili aliniita mkuu. Akasema ameiangalia tovuti yetu, ni nzuri, ila Google haiijui, na kwamba kampuni yao inatuhakikishia ukurasa wa kwanza ndani ya siku 90, la sivyo tunarudishiwa hela yetu yote.

Nikamwambia nitaongea na mke wangu. Tukaongea. Tulikuwa na shilingi milioni tatu na laki sita tulizoziweka kwa ajili ya mahema mapya. Tulizitoa zote, nusu siku ya kusaini, nusu baada ya mwezi.

Naandika haya leo kwa sababu wiki iliyopita shemeji yangu, ana nyumba ndogo ya wageni Jambiani, alinitumia WhatsApp mkataba wa kampuni nyingine kabisa, jina jingine, mji mwingine. Akauliza, "Shemeji, hii ikoje?" Kuufungua, nakutana na neno lilelile: tunakuhakikishia. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Nilipomaliza nikaona afadhali niandike, maana najua hayuko peke yake.

Mimi ni mtu wa mlima. Niliingia Kilimanjaro mwaka 2003 kama mpagazi, baadaye nikapata leseni ya kuongoza, na mwaka 2016 tukafungua kakampuni ketu. Kompyuta sijasomea. Ninachokijua kuhusu Google nimekijua kwa kuumia, na kwa kukesha na mpwa wangu tukisoma. Lakini kuna jambo moja nililijua kabla ya simu ile, tena nililijua vizuri kuliko kijana aliyenipigia, na siku hiyo sikulikumbuka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Mgeni akiniandikia kutoka Hamburg au Toronto, akaniuliza kama namhakikishia kufika kilele cha Uhuru, namjibu hapana. Namwambia: nakuhakikishia siku nane za njia ya Lemosho badala ya tano za kukimbizana, kwa sababu mwili unataka muda wa kuizoea hewa. Nakuhakikishia kwamba asubuhi na jioni utapimwa oksijeni kwa kile kipimo cha kidoleni na namba itaandikwa kwenye daftari. Nakuhakikishia kiongozi mwenye moyo wa kukugeuza ikibidi. Kilele sikuhakikishii, maana kilele si mali yangu. Mwaka 2012 nilimgeuza mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mkimbiaji wa marathoni, juu kidogo ya kambi ya Barafu, saa nane usiku, midomo imebadilika rangi na maneno yake hayaungani tena. Kwenye msafara huohuo kulikuwa na mama wa miaka 63 aliyepanda taratibu kama anayekwenda kuchota maji. Alfajiri alisimama Uhuru, mita 5,895. Njia ileile, mpishi yuleyule, kiongozi yuleyule.

Sisi wa Moshi tunazijua kampuni zinazotangaza kwamba wageni wao wote hufika. Tunajua pia wanavyoipata hiyo hesabu. Ama wanahesabu Gilman's Point kuwa ni kilele, kwa sababu hata pale mgeni anapata cheti, ingawa Uhuru bado iko mbele. Ama wanamsukuma mtu ambaye alipaswa kurudishwa chini. Njia ya tatu sijaiona katika miaka yangu yote.

Kampuni inayokuhakikishia nafasi Google nayo inafanya moja kati ya hayo mawili. Kwangu walifanya yote.

Nianze na Gilman's. Mkataba wetu ulikuwa na kiambatisho chenye maneno kumi ya kutafutia, yaani yale mtu anayoyaandika Google akitafuta kitu, na ahadi ilikuwa juu ya hayo kumi tu. Nilikipitisha macho tu, nikaona Kilimanjaro, nikaona Lemosho, nikaona Machame, roho ikatulia. Siku ya 71 ikaja ripoti yenye mishale ya kijani: maneno kumi kati ya kumi yako ukurasa wa kwanza, manne kati yake ni namba moja. Siku hiyo mke wangu alipika machalari, tukaita majirani.

Tukasubiri barua pepe. Mwezi wa sita ukaingia, msimu ukafunguka, nikawa naona magari ya wenzetu yakipita kwenda geti la Londorossi. Kwenye sanduku letu hakuna kitu. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa bado umewashika wazungu makwao. Ndipo nikamwandikia mama mmoja wa Leeds, nesi mstaafu niliyempandisha mwaka 2017, nikamwomba atafute Google kama mtu anayetaka kupanda Kilimanjaro, anitumie picha ya anachokiona. Alinitumia picha tano, ukurasa wa kwanza mpaka wa tano, na chini yake akaandika kwamba amevaa miwani na bado hatuoni.

Nikampigia mpwa wangu. Alikuja jioni na kompyuta yake, tukakaa kwenye meza ya jikoni. Kuna kifaa cha bure cha Google kinaitwa Search Console. Mwenye tovuti anaona humo watu waliandika maneno gani, tovuti yake ilionyeshwa mara ngapi, ikabofywa mara ngapi, na wastani wa nafasi yake. Mpwa akaandika neno la kwanza la kwenye kiambatisho. Lilikuwa fungu refu, la maneno saba kwa Kiingereza: kupanda, Kilimanjaro, Lemosho, kampuni, Kiboriloni, Moshi, Tanzania. Nafasi: 1. Mara lilipoonyeshwa kwa miezi mitatu: 6. Akanitazama. Tulijua ni akina nani hao sita. Ni mimi mara tatu, mke wangu, na bila shaka wao wenyewe walipotengeneza ripoti. Nani huko Ujerumani anaijua Kiboriloni? Ukishindana mwenyewe, lazima uwe wa kwanza.

Tukayapitia yote kumi. Lililofanya vizuri kuliko mengine lilionyeshwa mara 19.

Na hata mahali pale ambapo neno ni la kweli, "namba moja" niliyoionyesha majirani ilikuwa ya kwenye simu yangu, iliyoko Moshi, ambayo kila siku inafungua tovuti yangu. Majibu ya Google hubadilika kwa mahali ulipo na lugha unayotumia. Mwalimu aliyeko Munich haoni ninachokiona mimi nikiwa mnara wa saa. Kuna wengine wanakulipia tangazo, tovuti yako inatokea juu kabisa, wanakupigia picha ya skrini haraka wakitumaini hutasoma lile neno dogo linaloeleza kwamba hiyo nafasi imelipiwa. Siku malipo yakikoma, nawe umetoweka.

Sasa kule kusukuma. Hapa ndipo pananipa hasira mpaka leo.

Mwaka 2018 niliandika mwenyewe ukurasa kuhusu njia ya Rongai. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha Moshi usiku na mchana, kazi hakuna, nikaona niandike. Nilieleza kwa nini upande ule wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, hupata mvua kidogo kuliko upande wetu, kwa hiyo mtu mwenye likizo ya mwezi wa tano au wa kumi na moja anaweza kuufikiria. Nilieleza barabara ya kupitia Rombo mpaka Tarakea, mashamba ya mahindi yanayopakana na msitu, mbega unaoweza kuwakuta siku ya kwanza, na vumbi linaloingia hadi kwenye meno ukifika sehemu ya wazi. Kiingereza changu cha mlimani, lakini kila neno nimelitembea. Ukurasa ule peke yake ulituletea barua pepe tatu, nne kwa mwezi, mwaka mzima. Mabinti zangu wamesoma kwa Rongai.

Tulipofungua ukurasa huo usiku ule, sikuukuta. Anwani ilikuwa ileile, maandishi yalikuwa mengine. Walikuwa wameyafuta na kuweka yao. Mbega hakuna, Tarakea hakuna. Maneno "njia ya Rongai" kwa Kiingereza yalikuwa yametajwa mara 41. Nilihesabu kwa kidole kwenye skrini. Kuna aya moja ilisema Rongai ndiyo njia nzuri zaidi ya kuona msitu wa mvua. Mtu aliyeandika hivyo hajawahi kuuona mlima huu hata kwa picha. Search Console huweka takwimu za miezi 16, kwa hiyo tuliona kila kitu: mstari unakwenda sawasawa, nafasi ya 5, ya 6, kisha wiki ile waliyobadilisha unateremka, 12, 20, 38.

Halafu linki, yaani viungo vya kwenye tovuti nyingine vinavyompeleka mtu kwenye yako. Google ilizaliwa mwaka 1998 kutokana na wazo la Larry Page na Sergey Brin kule Stanford, kwamba ukurasa ukitajwa na kurasa nyingine zinazoheshimika, huo ni ushahidi kwamba una thamani. Wazo zuri. Hata sisi hapa mgeni akitaka kampuni ya kupanda nayo anamuuliza mwenye hoteli anayemwamini. Lakini ukishajua kwamba kutajwa kunahesabiwa, utakuja kukodi wapiga debe wa stendi walitaje jina lako kutwa nzima. Ndicho walichonifanyia. Kwa mujibu wa Search Console, ndani ya miezi minne tovuti yangu ilikuwa imepata linki zaidi ya 2,000: tovuti za kamari kwa lugha ya Kiindonesia, za dawa za nguvu za kiume, na moja ya mabomba ya maji moto huko Bulgaria.

Hii michezo ni ya zamani na Google wanaijua. Mwezi wa pili mwaka 2011 gazeti la New York Times liliandika habari za J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka Marekani, iliyokuwa juu kabisa kwa maneno kama magauni na matandiko. Ikaonekana kuna maelfu ya linki zilizopandwa kwenye tovuti zisizohusiana na nguo wala vitanda. Google wakaishusha. Penney walisema hawakujua, wakaachana na kampuni iliyowafanyia kazi hiyo. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Google wakatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, maalumu kwa linki za namna hii, na tangu 2016 yamekuwa sehemu ya kanuni zao za kila siku. Siku hizi nyingi ya linki hizo hazihesabiwi tu. Maana yake nililipa ili zipuuzwe, na hiyo ndiyo sehemu ya bahati. Ambaye hana bahati anapewa adhabu kwa mkono wa mtu kabisa, tovuti inashushwa au hata kuondolewa kwenye majibu, aanze kuandika barua za kuomba radhi.

Nilidai hela yangu. Walinijibu kwa adabu kwamba ahadi ilikuwa maneno kumi, na maneno kumi yamefika. Na kwamba hata yasingefika, kifungu cha saba kinasema mteja akigusa chochote kwenye tovuti, dhamana imekufa. Na mimi mwezi wa tano nilibadilisha namba ya simu. Nilipotaka kuondoka nikakuta domeini yetu, yaani jina la tovuti, wameihamishia kwenye akaunti yao, "kwa urahisi wa usimamizi". Ilituchukua wiki tisa kuirudisha. Wiki tisa za kuomba jina langu mwenyewe.

Ningekuwa nimesoma maelekezo ya Google kwa wenye tovuti, ambayo yako wazi na ni bure, ningekuta wameandika kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Wanaonya juu ya anayedai ana uhusiano maalumu nao, au ana mlango wa kuipeleka tovuti yako mbele ya wengine. Mlango huo haupo. Wanasema hawapokei malipo ili wakupandishe. Ile beji ya ushirika na Google ambayo baadhi ya kampuni huibandika kwenye barua zao ni ya watu wa matangazo ya kulipia, haihusiani na majibu ya kawaida ya utafutaji. Mimi niliiona beji hiyo nikadhani nimepata mtu wa ndani.

Na wapo wabaya kuliko walionipata mimi. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki watu wa Florida waliokuwa wakiwapigia wafanyabiashara wadogo wakijifanya wanatoka Google, wakiwatisha kwamba biashara zao zitaandikwa "imefungwa kabisa" wasipolipa, dola 300 hadi 700, na waliolipa wakauziwa tena ukurasa wa kwanza. Anayekutisha na anayekuhakikishia ni ndugu.

Nilichomwambia shemeji, basi, ni awaulize mambo ambayo mimi sikuuliza. La kwanza ni nani anachagua maneno, na kila neno linatafutwa na watu wangapi kwa mwezi, na kutoka nchi gani. Yeye anajua wageni wake wanatoka Italia na Poland. Neno lenye jina la mtaa wake halimletei Mwitaliano. Mwenye akaunti ya matangazo ya Google anaweza kukagua makadirio haya bila kulipa, kwa hiyo wakisema ni siri, hakuna siri. La pili, na hili nalipenda kuliko yote: mwezi wa kwanza mtafanya nini, kwa mikono yenu, kwenye tovuti yangu? Fundi wa kweli atakuambia. Picha zako ni nzito, nitazipunguza. Ukurasa wa bei haufunguki kwenye simu, nitaurekebisha. Hujaeleza mtu anafikaje kwako kutoka uwanja wa ndege, tuandike. Asiye fundi ataanza kuzungumzia teknolojia yao ya ndani. Kisha linki zitatoka wapi, anitajie tovuti tatu tu. Na maandishi yangu yakibadilishwa, nitaonyeshwa kabla au baada?

Kuhusu umiliki sikumwambia aulize, nilimwambia asikubali. Domeini ibaki kwa jina lake. Search Console iwe ya kwake, wao awaalike kama wageni, awafukuze siku akitaka. Nywila zisitumwe kwenye WhatsApp. Kurudishiwa hela kusimtulize. Mahali penye ahadi ya kurudisha hela ndipo pa kusoma herufi ndogo mara mbili.

Mwaka jana nilipata dada mmoja wa Arusha anayefanya kazi hii peke yake. Nilimtega. Nikamuuliza, "Utanihakikishia ukurasa wa kwanza?" Akasema, "Hapana kaka, hilo siliwezi, nitakudanganya." Akanieleza kwamba Google wenyewe husema kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kuonyesha matunda, na kwamba hata ukifika juu, siku hizi juu kabisa kuna matangazo, kuna ramani, na kwenye nchi nyingi kuna jibu lililoandikwa na akili bandia, hivyo tutazame barua pepe zinazoingia kuliko namba. Niliposikia "siliwezi" nilikumbuka daftari langu la oksijeni. Nilimpa kazi siku hiyohiyo, laki mbili na nusu kwa mwezi, naacha ninapotaka.

Maandishi yangu ya Rongai hatukuwa na nakala. Mpwa ndiye aliyekumbuka Internet Archive, ile maktaba ya Marekani inayohifadhi nakala za kurasa za zamani. Aliandika anwani, akachagua tarehe ya mwaka 2019, na ukurasa wangu ukafunguka: mbega, Tarakea, vumbi, na hata kosa la tahajia kwenye neno la "msitu" ambalo nililijua ni langu. Niliinuka nikaenda kusimama nje kidogo.

Tumelirekebisha kosa, tukaurudisha. Jana usiku wastani wa nafasi ulikuwa 11. Mwezi wa kumi na moja napanda Rongai mwenyewe na wageni wawili wa Graz walioandika kuuliza kama mbega bado wapo. Nitachukua picha mpya, maana zile za zamani nilipiga kwa simu mbovu.

Shemeji aliwatumia maswali yake siku tano zilizopita. Walichomjibu ni punguzo la asilimia 30, mwisho Ijumaa. Neno kuhusu Italia hawajasema. Amesema atanipigia leo baada ya futari, na nimeiweka simu hapa mezani.